Pimbi na Nenosiri la Wadogo

Hapo zamani za kale, na msiniulize kale gani, maana wanyama walikuwa na simu tayari, palikuwa na bweni la wanafunzi nyuma ya chuo kimoja. Kaeni vizuri. Wewe, acha kutafuna kola ya shati.

Bwenini humo mtandao ulikuwa mmoja. Uliingia kwa waya mmoja, kama maji yanavyoingia kwa bomba moja, ukafika kwenye kisanduku chenye vitaa kilichofungwa darini. Kutoka hapo kila mtu alikinga kwa simu yake. Mwenye pipa alikinga pipa. Mwenye kikombe alikuta bomba linakohoa, kho kho kho.

Wenye mapipa walikuwa watatu. Tembo alitazama mpira tangu asubuhi, hata mechi ambazo mshindi wake alishamjua. Kiboko alitazama tamthilia akiwa ndani ya beseni, akilia. Fisi alipakua filamu.

"Unazitazama saa ngapi zote hizo?" Digidigi alimwuliza siku moja.

"Sizitazami," alisema Fisi. "Nazihifadhi, zisije zikaisha."

Hao watatu ukipishana nao bila kuwaamkia, utatafutwa mpaka chooni.

Na Pimbi? Pimbi ndiye aliyeweza kupenya darini na aliyekijua kile kisanduku. Basi mtandao ukinata, bweni zima linaita: "Pimbi, zima uwashe!" Anapanda, kra kra kra. Anazima, tii. Anawasha, tii. Anashuka na utando wa buibui kichwani. Hajafika kitandani, "Pimbi, zima uwashe!" Asante hakuna. Labda asante nayo hula bando.

Sasa, Pimbi alikuwa na mtihani wa marudio, wa kuulizwa kwa mdomo kupitia simu. Mara ya kwanza Mwalimu Korongo alimwuliza swali, Pimbi akafungua mdomo ajibu, picha ikaganda mdomo ukiwa wazi. Korongo akasubiri, akasubiri, akaandika: Hajui. Safari hii akiganda tena, chuo basi, arudi kwao majabalini akaote jua.

Akawaita wakubwa ukumbini.

"Wazee wangu, Ijumaa mchana nina mtihani. Naomba mpumzishe simu, kwa muda wa kusonga ugali tu."

"Tatizo ni ninyi wadogo," alisema Tembo. "Mko wengi."

"Mimi siwezi," alisema Kiboko. "Wanakaribia kufunga ndoa."

"Mwaka jana pia walikaribia, dada."

"Huyu ni mume mwingine."

Fisi aliinamia simu yake. Alikuwa anapakua.

Pimbi hakubisha. Aliyechoka sana hana nguvu ya kugombana, hubakiwa na akili tu. Akapanda darini bila kuitwa. Akaminya hapa, akaminya pale, kisanduku kikatoa mitandao miwili. Mmoja akauita WAKUBWA, akauacha wazi, akaupa njia nyembamba kama mrija wa soda. Mwingine akauita WADOGO, akaupa bomba lote lililobaki, akautia nenosiri. Kisha akawanong'oneza wadogo: "Wakubwa wakiwauliza nenosiri, msiwafiche. Waambieni kweli."

Asubuhi ya Ijumaa Tembo akaona jina jipya simuni. Masikio yakapepea.

"Wakubwa," akasoma. "Hatimaye kuna mwenye heshima bweni hili."

Wakaingia wote watatu, vifua mbele.

Ilipofika mchana, mpira wa Tembo ukasimama hewani, haushuki. Bibi harusi wa Kiboko akakwama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Filamu za Fisi zikazunguka, zikazunguka.

"Pimbi, zima uwashe!"

Pimbi alikuwa chumbani, mbele ya Korongo.

Tembo akamkuta Digidigi ukumbini anaongea na mama yake kwa video, sura ya mama imetakata kama sahani.

"Wewe mtoto, uko mtandao gani?"

"Wa wadogo."

"Nenosiri lake ni lipi?"

"Shikamoo," akasema Digidigi.

"Marahaba. Nenosiri lake ni lipi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, nimeshaitikia. Mtoto ana adabu lakini hana jibu." Akaenda zake.

Kiboko naye akambana Panya jikoni. "Mwanangu, nipe nenosiri."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Panya akasema amekula. Kiboko akarudi kwenye beseni ameridhika, akakumbuka alichokifuata alipokwisha kulowa.

Fisi akasema, "Hawa wanatuficha. Twendeni kwa mwenyewe."

Wakaenda, dum dum dum, wakausukuma mlango. Korongo alikuwa ndiyo kwanza ameuliza swali la mwisho.

"Nenosiri," akanguruma Tembo, "au napanda darini mwenyewe."

Tembo darini. Mnajua hapo kingebaki nini, dari au mtihani. Pimbi akageuka.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba."

"Shikamoo, Dada Kiboko."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Shikamoo, Kaka Fisi."

Wote bwenini walimwamkia Fisi wakikimbia. Hakuna aliyewahi kusimama akamtazama usoni. Akajikuna shingo. "Marahaba," akasema kwa sauti ndogo, na filamu zote zikamtoka kichwani.

"Basi nimeshawaambia wote watatu," akasema Pimbi. "Niacheni nimjibu mwalimu."

Wakatoka, wakafunga mlango.

"Ametuambia nini?" Tembo aliuliza wakiwa njiani.

"Ametuamkia," alisema Kiboko.

"Vizuri."

Ndani ya simu, Korongo akakohoa. "Adabu unayo, nimeona. Haya, jibu."

Pimbi akajibu, na picha haikuganda. Akafaulu. Si sana, lakini aliyefaulu kidogo harudishwi majabalini.

Jioni wakubwa wakamwita: "Pimbi, zima uwashe!" Akapanda, kra kra kra, mdomo wake ukiwa umefungwa. Mitandao ile miwili ipo mpaka leo, nenosiri ni lile lile, na kila asubuhi wakubwa wanapewa pale mlangoni, wanaitikia, wanapita.

Aliyezoea kuitikia tu, hupewa ufunguo akadhani ni salamu.