Bosi wa Fundi Sikudhani

Fundi wa vigae mmoja wa Tanga, Sikudhani, aliacha kazi ya kampuni akajiajiri, kisha akaenda benki kuomba mkopo wa nyumba.

"Ungekuja ukiwa bado umeajiriwa, ungepata," alisema meneja, Bwana Mgaya.

"Lakini sasa naingiza mara mbili ya mshahara ule!"

"Huna bosi, mama. Kila mtu wa maana ana bosi, hata mimi ninaye. Tafuta wako, nimpigie simu, nikupitishie."

Mara simu yake ya mkononi ikaita. Akaijibu kwa sauti ya chini: "Fundi wa jiko amekukimbia tena? Pole, mke wangu."

Sikudhani akaaga.

Baada ya wiki mbili alirudi. "Nimeajiriwa. Namba ya bosi hii hapa."

"Umeona sasa?" Meneja akanyanyua simu ya mezani, akapiga. "Naongea na bosi wake Sikudhani?"

"Ndiye mimi. Jiko langu kalimaliza jana, kesho anaanza bafu. Sasa, Baba Tulizo, huo mkopo unampa, au nije hapo mwenyewe?"

Bwana Mgaya akasimama wima, simu bado sikioni.

"Usijisumbue, mama," akasema, huku akimsogezea Sikudhani kalamu.