Mshipa wa Mpishi Shaame

Palikuwa na Sultani mmoja huko ng'ambo, mji wa Barsuma, aliyependa wageni kama paka apendavyo panya. Akapiga mbiu: kila mgeni anayefanya kazi mjini atoe sehemu moja ya kumi ya mshahara wake, mwezi hata mwezi, iingie katika Bima ya Wageni. Ukiugua, Bima itakutibu. Maneno matamu hayo! Lakini mbiu ilikuwa na mkia: ugonjwa uliokuja nao kutoka kwenu haumo. Na mwenye kuamua ugonjwa umetoka wapi alikuwa Tajiri Ghanim, mshika mfuko, ambaye maishani mwake hakuwahi kuuona ugonjwa uliozaliwa Barsuma. Una homa? Mbu wa kwenu. Jino linauma? Liliotea wapi? Mgongo je? Mgongo umezaliwa nao, baba, nenda zako.

Miongoni mwa wageni hao alikuwamo mpishi wa Sultani, Shaame wa Pemba, mfupi, tumbo mbele, ulimi mkali. Miaka tisa anapika. Na sisi Wapemba tukivuka maji tunajulikana. Barua za Shaame kwao zilisema huku raha tupu, ukipiga chafya tu tabibu yuko mlangoni. Tabibu mwenyewe hamjui kwa sura. Mimi simcheki, maana barua kama hizo nimeziandika sana.

Siku ya harusi ya binti Sultani, Shaame akalinyanyua sufuria la pilau peke yake, kisa wasichana wa jikoni walikuwa wakimtazama. Kitu kikamwachia kinenani. Mshipa wa ngiri huo, umeshuka. Tabibu alimgusa mara moja tu.

"Huu upasuliwe kabla ya wiki kwisha," akasema. "Utumbo ukijisokota humo, tunakuzika. Lete barua ya Bima, au dinari arobaini."

Dinari arobaini Shaame hakuziona hata ndotoni. Akaogopa kufa, akaogopa sana, akaenda kwa Ghanim anatembea upandeupande.

"Hujambo, mpishi?"

"Sijambo, bwana, sijui wewe."

"Habari ya afya?"

"Njema, alhamdulillahi."

Ghanim akamgeukia karani. "Andika: mpishi hajambo, afya njema, kwa kinywa chake mwenyewe. Mwingine aingie!"

Lo! Shaame akajikuta nje, kashika kinena. Ndiyo adabu yetu hiyo. Mtu roho iko kooni, ukimuuliza hali atakwambia njema, kisha ndiyo aanze na "ila". Shaame hakupewa nafasi ya "ila". Akajisemea njia nzima: "Mama kanifunza adabu, na adabu ndiyo itakayonizika."

Kesho yake akarudi, midomo kaibana.

"Hujambo?"

"Naumwa!"

"Ala! Hata salamu hujibu?"

"Jana nilijibu, bwana, nikapona bila dawa."

"Unaumwa nini?"

"Mshipa."

"Wa Pemba huo."

"Wa jikoni kwenu, bwana! Nimeupata juzi, kwa sufuria lenu."

"Sufuria letu, kinena chako. Kinena ulikuja nacho?"

"Sasa ningekiacha kwa nani?"

"Basi ni ugonjwa wa kwenu. Mwingine!"

Ijumaa ikafika, na wiki ndiyo hiyo inakwisha. Shaame akajikokota hadi barazani kwa Sultani. Mabalozi saba walikuwa wameketi, wamekwisha kunawa mikono, wanangoja pilau iliyosifiwa mpaka kwao. Jikoni moto haujawashwa. Sultani akamsikiliza nusunusu, akamtupia jicho Ghanim, na Ghanim akatabasamu, kwani mfuko ule waliula pamoja.

"Hukumu ni ile ile," akasema Sultani. "Alichokuja nacho mgeni kutoka kwao hakituhusu."

"Kila kitu, Maulana?"

"Kila kitu."

"Hata kikiwa jikoni mwako?"

"Hata kikiwa kitandani mwangu! Nimesema, na neno langu halirudi. Mabalozi hawa ni mashahidi."

"Nimeridhika, Maulana." Shaame akajishusha taratibu, akakaa chini.

"Unakaa? Nenda kapike!"

"Nipike nini?"

"Pilau, bwege wewe!"

"Pilau nilikuja nayo, Maulana. Mama ndiye aliyenifunza, kule Wete, nikikosea napigwa mwiko wa kichwa. Haiwahusu."

Ghanim akadakia, "Basi apike biriani!"

"Ya shangazi yangu hiyo, wa Chake."

"Mchuzi wa papa!"

"Huo wa mke wangu. Akisikia nimewapa bure, nitaumwa na kingine."

Tumbo la balozi mmoja likanguruma, baraza zima likasikia. Uso wa Sultani ukaiva. Shaame naye jasho lilimtiririka mpaka kwenye visigino. Mwoga yule tangu utotoni, nyumbani hata jogoo alikuwa akimfukuza. Leo alikaa imara kwa sababu hakuweza kukimbia.

"Nitakufunga!" akanguruma Sultani.

"Nifunge, Maulana. Mfungwa hutibiwa bure, nimekwisha kuuliza."

Balozi mmoja akaanza kutafuta viatu vyake. Sultani akaona aibu inamjia hiyo, akaruka kitini.

"Mtovu wa shukrani! Miaka tisa unakula chumvi yangu! Humu mwangu hukupata kitu hata kimoja?"

"Nimepata, Maulana. Kimoja."

"Basi hicho ni changu! Wangapi wamesikia? Ulichokipata hapa ni changu, na nakitaka sasa hivi, mbele ya mabalozi! Ni nini?"

"Mshipa, Maulana. Nikupakulie?"