Mbeleko ya Mize

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa nguo!
— Nguo ya nani?
— Ya mama na mwana!

Basi sogeeni. Anayenyonyesha aachiwe ukuta aegemee. Wa kukohoa, kohoeni sasa.

Hapo kale palikuwa na kijiji nyuma ya mashamba ya mpunga, na kila mwanamke wa hapo alikuwa na mbeleko yake. Si kitambaa kitupu cha kumfungia mtoto mgongoni, hapana. Ilitariziwa kwa mkono, na kila ukoo ulikuwa na picha zake. Huyu majani ya mpera, huyu kereng'ende, huyu maua ya myungiyungi. Mbeleko uliyobebewa ndiyo utakayombebea mwanao. Mtoto akitimiza siku arobaini, mama alimbeba kwa mbeleko ya kwao, akamtoa uwanjani, bibi akampa jina.

Na asiyekuwa na mbeleko ya kwao? Mtoto wake aliitwa Nusu. Yaani upande mmoja anajulikana, upande wa pili hana watu. Msicheke! Palikuwa na mzee mmoja pale, meno hana, wajukuu kumi na wawili, na bado akiitwa Nusu.

Sasa Mize aliolewa hapo akiwa peke yake. Mafuriko yalichukua nyumba ya kwao, mama yake na mbeleko yao, yeye akiwa bado wa kubebwa. Watu wa kijiji cha mto unakoteremkia walimwokota juu ya paa la makuti likielea, wakamlea. Akakua, akaolewa na Makame, akajifungua mtoto wa kike. Vidole virefu, kilio kama cha paka.

Siku ya ishirini wifi yake, Somoe, akaja kumtazama mtoto. Somoe si mbaya, jamani, ila ulimi wake haukujua kukaa nyumbani.

"Wifi, pua kachukua yetu. Basi tumwite nani, Nusu au Nusunusu?"

Mize akacheka kwa heshima. Somoe alipoondoka, akalia.

Mama mkwe, Bi Mwanate, alikuwa nje akikamua tui. Akasikia. Hakusema pole. Alinawa mikono, akaingia, akaketi kitandani.

"Mwanangu, mbeleko ya mama yako ilikuwa na picha gani?"

"Sijui, mama. Sikumbuki kuiona."

"Si ulibebwa nayo?"

"Nilibebwa, lakini nilikuwa kwa ndani. Mtoto mgongoni haoni picha. Anaona mafundo."

Bi Mwanate akafikiri. "Haya. Mafundo unayakumbuka?"

Mize akafumba macho. Akaweka kiganja shavuni. "Hapa palikuwa na fundo kubwa, jekundu, linakwaruza. Chini yake nyuzi nne nyeusi, zimepita pamoja, laini. Halafu kijifundo, kijifundo, kijifundo, vya manjano, vinapanda huku."

"Basi shona hayo."

"Nianze upande wa nyuma, mama?"

"Wewe kwenu umekujua kwa nyuma. Anzia unapopajua."

Bi Mwanate akatoa kitambaa alichokuwa amejiwekea mwenyewe kwa Idi. Makame akaleta magome ya mkoko kwa rangi nyekundu, mizizi ya mdaa kwa nyeusi, na manjano akaitwanga kwa mkono wake, mwanamume yule, mpaka kucha zikawa kama za bi harusi. Mize akaanza. Akashona huku akiimba, nanyi mniitikie:

Pita sindano, pita,
mama yuko ng'ambo,
mwambie nimejifungua.

Akashona fundo jekundu. Si hilo, shavu likakataa. Akafumua. Akashona tena. Si hilo. Akafumua. Mara ya tatu akaliinamia, akaliwekea shavu, akabaki hapo hapo hajainuka. Ndilo. Na kila fundo lililokubaliwa na shavu likamkumbusha la jirani yake, mpaka kitambaa kikajaa.

Pita sindano, pita.

Somoe akapita tena. "Wifi, hii vurugu gani? Mbona mafundo matupu?" Lakini huku ulimi ukisema, mikono ilikuwa imeshamchukua mtoto, imemwogesha, imempaka mafuta. Mize aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Siku zote hizo hakuigeuza nguo hata mara moja. Aliogopa. Je, akiona upande wa pili, shavu likasahau?

Siku ya arobaini ikafika. Wanawake wamejaa uwanjani, mbeleko zimewaka rangi. Mize akatoka. Na kwa kuwa hakuthubutu kuigeuza, alimfunga mtoto vile vile alivyoishona: mafundo nje, nyuzi zinaning'inia.

"Hee! Kavaa kinyume!"

"Si mbeleko hiyo, kiota cha kunguru!"

Mize akainamisha kichwa.

Bi Mwanate akasimama. "Mna haki. Mkwe wangu hajui. Nyinyi mnaojua, hebu nipeni zenu nimwonyeshe."

Wakazivua mbio, kila mmoja akijivuna. Yule bibi akatandika mkeka. Akazigeuza zote nje ndani, akazichanganya kama anayepeta mchele.

"Haya. Kila mmoja achukue yake."

Loo! Wanawake watatu wakashika moja. Mwingine akachukua ya adui yake akaikumbatia. Akina mama wazima, hawazijui nguo zao!

"Fumbeni macho," akasema Bi Mwanate. "Jaribuni kwa shavu."

Somoe akajaribu ya kwanza, akaitupa. Ya pili, akaitupa. Ya tatu akainyamazia. Somoe, akanyamaza! Machozi yakamtoka.

"Mama, ni hii. Hapa ndipo nilipokuwa nalala."

"Ndipo hapo. Na hapo pembeni uliponing'atia."

Uwanja mzima, kila mwanamke na nguo shavuni, wengine mama zao wamekufa zamani.

Bi Mwanate akampokea mtoto. "Sasa, mwanangu, geuza."

Mize akaigeuza, akaitandaza juani.

Alikuwa tetere, njiwa wa porini. Tetere mkubwa, jicho lake jekundu, amesimama juu ya mawimbi manne ya mto. Na kutoka ukingoni, punje za mtama, moja moja, zikipanda hadi mdomoni mwa kinda lake.

"Kumbe ulikuwa huyu, mama," Mize akamwambia yule wa ng'ambo.

Bi Mwanate akamrudishia mtoto mgongoni, picha nje, mafundo ndani. "Kwao mna mto, mna mtama, mna ndege. Watu anao. Jina lake ni Tetere."

Na Somoe? Alizunguka nyumba hadi nyumba na ulimi wake ule ule: "Mtoto wetu anaitwa Tetere! Atakayesema Nusu, aanze na mimi!"

Mimi nakata uzi hapa. Iliyokupendeza, jifunike nayo. Isiyokupendeza, ifumue, ushone yako.