Kiherehere cha Walburga na Bia Iliyolala

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na pipa!
Na ndani ya pipa?
— Tuambie wewe, sisi hatukufunua!

Mmefanya vizuri, maana leo tunamsema aliyefunua. Wewe uliyeegemea mlango, sogea, sirudii mara mbili.

Hapo zamani za kale, nchi ya Wajerumani, katika mji mdogo wa milimani, aliishi mwanamke aitwaye Walburga. Baba yake alimwachia kiwanda cha bia: sufuria kubwa ya shaba ya kuchemshia shayiri, na pango lililochimbwa chini ya kilima, lenye baridi ya kuumiza meno. Mle pangoni bia ilikaa kwenye mapipa miezi na miezi. Wenyewe hawakusema imehifadhiwa. Walisema imelala.

Walburga alikuwa hodari, lakini kiherehere alichokuwa nacho, usiombe! Hakai, hatulii, akiketi kiti kinamchoma. Mumewe, Korbinian, alikuwa mzito wa mwili na mwepesi wa kusinzia.

Mwaka huo ikatoka amri. Siku ya sikukuu ya mavuno Mpimaji wa bia atapita. Atamwaga bia kwenye benchi na kuikalia na suruali yake ya ngozi. Suruali ikinata, bia ni bia. Akiinuka bila shida, sufuria ya shaba itavunjwa na kiwanda kitafungwa.

"Sufuria ya baba yangu!" Walburga akashika kichwa. "Korbinian, na kama bia haijaiva?"

"Itaiva, mke wangu. Iache ilale."

"Kulala, kulala! Huna neno lingine wewe?"

Pangoni mlikuwa na mapipa matatu. Walburga akashuka mbio, akafunua la kwanza. Mapipani humo anaishi Chachu, yule anayeigeuza shayiri kuwa bia. Chachu akaamka, akaimba:

"Nani wewe wafunua?"

"Ni mimi, Walburga."

"Wataka nini?"

"Nataka kujua kama umeiva."

"Nikilala huwa bia, nikiamshwa huwa siki!"

Walburga akaonja, akafunika. Haukupita muda, pipa zima likawa siki. Majirani wakaja na vyombo vyao, wakachota ya kulowekea kabichi, wakamshukuru sana. Shukrani zile zilimuuma kuliko matusi.

Mnadhani alikoma? Thubutu! Roho ilikuwa juu, miguu inawasha, kesho yake tu yuko pangoni. Akafunua la pili.

"Nani wewe wafunua?"

"Ni mimi, Walburga."

"Wataka nini?"

"Nataka kujua kama umeiva."

"Nikilala huwa bia, nikiamshwa huwa siki!"

Siki tena! Mji mzima ukala kabichi mpaka ukachoka. Korbinian akawaambia majirani, "Mke wangu huyu, hata kaburini atafunua sanda aone kama ameiva." Wakacheka. Walburga hakucheka. Alikuwa na hofu, jamani, hofu ya mtu anayeona mikono yake mwenyewe ikimharibia.

Likabaki pipa moja. Jua la kiangazi likaanza kuchoma mgongo wa kilima, na Walburga akashuka tena. Akashika kifuniko. Chachu akasikia vidole, akaimba kwa sauti ndogo:

"Nani wewe washika?"

Walburga akakaza vidole juu ya kifuniko.

"Najua ni wewe. Mimi nalala, mikono yako hailali. Basi ipe kazi nyingine!"

Walburga akatoka akikimbia, akanyakua jembe, akapanda juu ya pango na kuchimba shimo. Akapanda mche wa mti wa majani mapana, uje kulitilia pango kivuli, akaumwagilia mpaka ardhi ikapoa. Kila hamu ya kufunua ilipompanda, akachimba shimo lingine. Hamu ilimpanda asubuhi, mchana na jioni. Viganja vikachubuka. Korbinian alipoona damu kwenye mpini, usingizi ukamruka. Akachukua ndoo bila kuambiwa.

"Wamechanganyikiwa wote wawili," majirani wakasema.

Siku ikafika. Mpimaji akaja na suruali yake. Pipa likafunguliwa mbele ya watu, benchi likalowa, akaketi. Walburga hakuweza kutazama, akauma aproni.

"Inuka!" watu wakasema. Mpimaji akajaribu, akashindwa.

"Inuka!" Akajaribu tena, akashindwa.

"Inuka!" Akajivuta kwa nguvu zote, benchi likainuka naye, akazunguka nalo uwanjani mtu mzima na heshima zake! Watu wakalia kwa kicheko.

"Bia hii imelala!" akapiga kelele. "Na mimi nitolewe hapa!"

Walburga akakaa chini palepale mavumbini, akalia kama mtoto. "Baba," akasema, "kiwanda chako kimebaki."

Hadithi yangu naifunika hapa, atakayeifunua siki ni yake. Na mafunzo ni haya: kazi nyingine hufanywa kwa kuiacha, na mwenye kiherehere atafute pa kukimwaga. Haya, nendeni mkalale. Ila wewe unayefunua sufuria ya pilau kila dakika, baki, nina neno nawe.