Daima ya Nyati na Kamwe ya Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na nyumba zao, wakifagia uani asubuhi na kuinjika chungu jioni, kilikuja kiangazi kikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mto ulikauka. Maji yakabaki chini ya mchanga, na ukiyataka ilibidi uchimbe, ungoje yajikusanye, kisha uyateke kidogo kidogo, chururu, chururu, mpaka mtungi ujae.

Kazi hiyo ilikuwa ya Digidigi.

Digidigi alikuwa mjane, na mwili wake wote ungeenea ndani ya kikapu cha sokoni. Aliishi ua mmoja na mabwana wawili wakubwa, Mzee Nyati na Bwana Kifaru. Nyati alikuwa na pembe za kufukua kisima kwa pigo moja. Kifaru alikuwa na mgongo wa kubebea mitungi kama abebaye manyoya. Lakini mtoni hawakwenda. Nyati alikuwa na msemo wake, na kila akikaa kwenye kigoda chake mlangoni aliutoa:

"Mdogo daima ni mwepesi. Mwepesi kamwe hachoki. Basi mdogo achote!"

Na Kifaru, ambaye masikio yake yalikuwa makali kuliko akili zake, aliitikia, "Kamwe! Nfff! Kamwe!"

Basi Digidigi alichota. Aliondoka jua halijachomoza, akarudi limekwisha panda, kwato zimechubuka, shingo imekufa ganzi. Mtungi ulitua mbele ya Nyati. Nyati akanywa, gugu, gugu, gugu! Kifaru akafuata. Kilichobaki kilikuwa tope la chini, na hilo ndilo alilolamba Chausiku, binti yake Digidigi.

Siku moja Chausiku alilamba mdomo wa mtungi, akaukuta mkavu, akaenda kujilaza bila kusema neno. Hapo ndipo mama mtu alipoingiwa na hofu. Mtoto anayelilia maji bado ana nguvu. Anayenyamaza je?

Digidigi alipaswa kukasirika. Lakini alikuwa amechoka hata kukasirika. Akajikokota mpaka kwenye kigoda cha Nyati.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Maji yamekwisha, mbona huendi?"

"Nimechoka, Mzee. Kesho nisaidieni japo kuchimba."

"Umechoka? Wahaha! Kifaru, hebu njoo usikie! Mwepesi kamwe hachoki, mama!"

"Hata mara moja?"

"Kamwe ni kamwe!"

Digidigi akamtazama. Akawaza, kumbe hawa wananitawala kwa maneno mawili tu, daima na kamwe. Maneno makubwa kama wao wenyewe. Na kikubwa kikikosa mguu mmoja, huanguka chote.

"Haya, Mzee," akasema kwa sauti ya uchovu. "Na ninyi wenyewe mna daima zenu?"

"Tele! Mimi daima hunywa wa kwanza. Tangu nizaliwe hajatokea wa kunitangulia!"

"Na mimi," Kifaru akapiga guu chini, pu! "mimi kamwe sirudi nyuma!"

"Basi tuwekeane ahadi. Atakayejisifu kwa daima au kwa kamwe, kisha ionekane hata mara moja kwamba si hivyo, yeye ndiye achote maji mpaka mvua inyeshe. Shangazi Kanga awe shahidi."

Kanga, jirani yao ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alikuwa keshapanda juu ya ua kitambo. "Che-che-che! Nimesikia! Nimesikia!"

"Na wewe utajisifu kwa lipi?" Nyati akauliza.

"Mimi mdogo, Mzee. Mimi husema tu mara nyingi, na wakati mwingine."

Wakacheka mpaka vumbi likatimka. "Tumekubali! Tumekubali!"

Kesho yake Digidigi alikwenda mtoni kama kawaida. Akachimba, akangoja, akateka. Kila penye kivuli alipumzika, na kila alipopumzika alitamani asiinuke. Alipofika alitua mtungi mbele ya Nyati, akajifuta jasho. Kanga alikuwa pale pale juu ya ua.

Nyati akainamisha kichwa.

"Mzee," Digidigi akasema taratibu, "maji ya kisima kile mara nyingi ni salama."

Mdomo wa Nyati ukakwama hewani. "Mara nyingi?"

"Mara nyingi sana. Kwa kawaida hayana neno."

"Kwa kawaida! Sema yote, mama!"

"Ni hivi, wakati mwingine Swila hupita pale. Na mnamjua Swila, nyoka yule akiudhika hutema sumu."

"Lahaula! Amepita leo?"

"Leo sikumwona. Lakini siwezi kusema nipo pale kila saa."

Na hakusema uongo, wanangu. Kiangazi cha nyuma alimwona Swila kwa macho yake akikatiza mchangani.

Kifaru akasogeza pua mtungini anuse. Mara povu moja likapasuka ndani, pwo!

"Mama yangu! Kimetikisika!" Kifaru akaruka kinyumenyume, akakikanyaga kigoda cha Nyati, kacha! kikawa kuni.

"Digidigi," Nyati akasihi, koo likimwasha kwa kiu, "sema basi kwamba daima ni salama, ninywe."

"Siwezi, Mzee. Daima ni neno zito, nami sina nguvu za kulibeba."

"Basi onja wewe! Onja upesi!"

"Kama Mzee anavyoagiza."

Digidigi akanywa funda moja. Akangoja. Akanywa jingine. Ndipo akaita, "Chausiku! Njoo, mwanangu. Mzee ameturuhusu."

Chausiku akaja akiyumba. Akatia mdomo, akanywa, akanywa, akanywa, mpaka tumbo likawa kama ngoma. Nyati na Kifaru walimkodolea macho wakingoja aanguke. Hakuanguka. Alicheua, beee!

"Mzima!" Nyati akasema. "Haya, pisheni!"

"Che-che-che!" Kanga akapiga mbawa. "Leo nani amekunywa wa kwanza?"

Nyati akautazama mtungi, kisha akamtazama Chausiku.

"Na Bwana Kifaru amesimama juu ya nini?"

Kifaru akatazama chini, akaona vipande vya kigoda chini ya miguu yake ya nyuma. "Nfff," akasema, pole pole sana.

"Nilikuwa na maana karibu daima," Nyati akajitetea.

"Karibu hukulitamka, Mzee," Kanga akadakia. "Ulisema daima, na masikio ninayo. Ukikataa, habari hii itafika ng'ambo kabla jua halijatua."

Nyati alimwogopa Swila, lakini mdomo wa Kanga aliuogopa zaidi. Akatundika mtungi kwenye pembe yake. Kifaru akabeba mingine. Wakashika njia ya mtoni katika jua kali, wakinuna, na baada ya muda zikaanza kusikika sauti za kuchimba, pu! pu! na pumzi za Nyati aliyekuwa hajawahi kuchimba.

Digidigi hakucheza wala hakupiga vigelegele. Alijinyoosha penye kivuli cha ukuta, na mifupa yote ikalia.

Chausiku akajilaza ubavuni pake. "Mama, wakirudi watakuwa wema?"

"Wakati mwingine, mwanangu," akajibu, na kabla hajamaliza alikuwa keshalala.

Nanyi mliosikiliza, shikeni hili moja: ajisifuye kwa daima, mara moja tu humuumbua.