Kichaka Kilichofungiwa Uzio

Mtu mmoja alikuwa na kichaka kando ya mto. Hakukipanda yeye wala baba yake. Kilikuwa pale kabla mtu yeyote hajajenga upande ule wa mlima, na kwa kuwa kiliota ndani ya mpaka wa shamba lake, watu walisema ni chake. Kilikuwa kichaka cha fito ndefu zinazochomoza moja kwa moja kutoka ardhini, bila shina kuu, na fito zake changa zilikuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva, hasa wakati wa kiangazi majani yakipukutika. Mizizi yake iliushika ukingo ili mto usimege shamba. Maganda yake wanawake waliyachemsha wakapata rangi ya kutia kwenye mikeka. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa moja, nayo ndiyo inayonifanya niwasimulie habari hii, wazazi wangu: fito zake ndizo zilizosukwa machela.

Kijiji kile hakina barabara ya gari. Mgonjwa aliyezidiwa, au mwanamke ambaye uchungu wake umekwenda vibaya, huteremshwa kwa miguu hadi hospitali ya bondeni, safari ya nusu siku, juu ya machela ya fito. Kila mgonjwa husukiwa mpya, siku ileile, kwa fito mbichi. Wakishafika huivunja, kwa maana hawataki mtu alale mahali ambapo mwenzake alikata roho. Kukata na kusuka ni kazi ya wanawake. Kubeba ni kazi ya wanaume. Mwenye kichaka, jina lake Eliamani, alikuwa amebeba machela nyingi begani tangu ujana wake, na hakuwahi hata siku moja kusimama pale fito zinapokatwa. Kwake zilikuwa kama ugali: unaukuta mezani umeshapikwa.

Eliamani na mkewe Nakijwa walikaa miaka saba bila mtoto. Mwaka wa nane Nakijwa akashika mimba, na siku zake zilipotimia mtoto akagoma kutoka. Wanawake wakakimbilia mtoni. Wakakuta wenzao wamekata juzi yake tu, kwa ajili ya mzee mmoja aliyezidiwa, na fito zilizobaki hazijafika hata kimo cha kiuno. Ikawabidi wavuke mto waokoteze ng'ambo, moja huku, mbili kule. Machela ilipokamilika jua lilikuwa utosini. Mtoto wa kiume alizaliwa hospitali akiwa amekwisha kufa.

Eliamani alirudi nyumbani na neno moja moyoni, kwamba watu wamemuulia mwanawe kwa mapanga yao. Alikwenda mtoni akakitazama kichaka kilivyonyolewa, akakihurumia kama alivyojihurumia mwenyewe. Wiki ileile akakizungushia uzio wa miti na miiba, akatia mlango, akafunga kwa kufuli. Akaapa kwamba Nakijwa akishika mimba tena, hatakosa fito. Msimcheke. Hata mimi, ningekuwa nimetoka kuzika mwanangu, ningetafuta kufuli.

Miaka mitatu hakuna panga lililoingia mle. Alitia samadi kwa kuirusha juu ya uzio, asiingie kukikanyaga. Kiangazi alimwagilia kwa ndoo akiwa hukohuko nje. Waliomjia wakiwa na mgonjwa nyumbani aliwaelekeza ng'ambo ya mto, kwa adabu zote, bila kufungua. Jirani yake Mbwambo alimbeba mama yake mzazi mgongoni nusu ya njia, huku machela ikisukwa nyuma, na hata hapo Eliamani hakuyumba. Nakijwa naye hakuwa na la kumwambia, maana alikuwa ameolewa kutoka mbali, hakuwa msukaji, na mila ya kijiji kile humkataza mama aliyezika mtoto asizikaribie fito mpaka ajaliwe mwingine. Aliona tu, kutoka mlangoni pake, ncha nyekundu zikichungulia juu ya miiba, akafarijika. Bibi Nanzia, msukaji mkongwe kuliko wote, alikuja siku moja kumwambia Eliamani kwamba kichaka kile kinataka panga. Eliamani akamvutia kiti, akamtilia chai, na moyoni akasema, bibi huyu naye mjanja, anazitaka fito zangu. Hakumwuliza panga la nini. Bibi akamaliza chai yake, akaaga.

Mwaka wa tatu wa uzio ule Nakijwa akashika mimba, na Eliamani akawa mtu mwingine. Kila akitoka shambani alipita ukingoni kutazama zile ncha, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Siku ikafika. Uchungu ulianza alfajiri, na ilipogonga saa mbili mkunga alitoka nje akatikisa kichwa: mtoto amekaa vibaya, mama ateremshwe upesi. Eliamani akatoka kupiga yowe, na hofu ikamshika njiani. Watakuja kweli, watu aliowafungia mlango miaka mitatu? Walikuja. Walikuja wote, wanawake na mapanga yao, wanaume na miti ya kubebea, Mbwambo akiwa wa kwanza, na Eliamani aliona aibu hadi machozi yakamtoka. Hata hivyo, tusimfiche, ndani ya aibu ile alifurahi, kwa sababu fito alikuwa nazo. Akakimbia mbele yao, akafungua kufuli, akausukuma mlango.

Akasimama hapohapo. Kutoka nje ya uzio alikuwa amezoea kuona wekundu. Ndani, chini ya zile ncha, kila kitu kilikuwa na rangi ya majivu. Fito zilikuwa zimenenepa na kusongamana, magome yamepasuka, nyingine zimeoza zikiwa zimesimama. Katikati, mahali ambapo machipukizi yangetokea, jua halikuwa limefika kwa muda mrefu na hapakuwa na kilichoota. Wekundu wote aliokuwa akiutazama kila siku ulikuwa shibiri moja tu kule juu. Bibi Nanzia akampita, akashika ufito mmoja, akaupinda kama msukaji anavyopinda. Ukavunjika. Akashika wa pili, ukavunjika. Hata wanaume waliokuwa nyuma wakausikia wa tatu ukivunjika. Bibi akageuka akamtazama Eliamani.

"Mwanangu," akasema, "hizi ni kuni."

Eliamani hakukubali. Alimpokonya mwanamke mmoja panga lake, akakata mwenyewe, akapinda, ukavunjika, akakata mwingine, akimtaja Mungu kwa kila ufito. Hapo yule mwanamke mwenye panga akamwambia kwa upole jambo ambalo kila binti wa kijiji kile hulijua kabla hajaolewa: ufito huwa mwekundu na hupinda mwaka wake wa kwanza na wa pili, kisha huzeeka. Kila mwanamke aliyekuja kukata ufito wa machela alikata na mmoja mkuukuu, akaenda nao kupikia uji wa mgonjwa, na pale alipokata yalitokea machipukizi mapya. Wale aliowaona kuwa wauaji ndio waliokuwa wakikipa uhai miaka yote. Eliamani akaketi kwenye tope, mtu mzima mwenye nyumba yake, mbele ya wake za watu. Alikuwa ameshtuka kiasi kwamba hakuweza hata kulia.

Wanawake hawakumngoja. Walikwisha kuingia mtoni, maji ya masika yakiwafika kiunoni, wakishikana mikono wasichukuliwe. Kule ng'ambo, alikowafukuzia, vichaka vilivyokatwa na kila mtu kwa miaka mitatu vilikuwa vimejaa fito, nyekundu kuanzia ardhini. Walikata, wakavuka tena na mizigo kichwani, wakasuka wakiwa wameloa chepechepe. Machela ilikuwa nzuri na imara. Ila jua lilikuwa limekwisha kupanda. Eliamani alishika mti wa mbele, na njia nzima hakukubali kupokewa. Walikuwa wamebakiza kona mbili, bati la hospitali linaonekana kabisa, Nakijwa aliposema wamweke chini. Mtoto akatoka palepale, kando ya njia. Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi. Wanawake walizungusha kanga zao, wakampulizia, wakampigapiga mgongoni. Eliamani, aliyekuwa amesimama nje ya kanga, alisubiri kilio. Hakukisikia.

Nakijwa alipona. Siku ya pili, akiwa kitandani, alimshika mumewe mkono akamwuliza kwa nini walichelewa wakati fito zilikuwepo, na yeye mwenyewe alikuwa akiziona kwa macho yake kila asubuhi, nyekundu. 

Jibu la Eliamani silijui. Ninachowauliza ninyi, wazazi wangu, ni hiki: kile mlichokifungia kufuli kwa ajili ya mnayempenda, ni lini mara ya mwisho mliingia mkakipinda kwa mikono yenu?