Marufaa Isiyofunguliwa Nyumbani

Wamesimulia waliopokea kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa pwani, zama za masultani, aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Mwana Zena binti Famau. Alikuwa mwenye kuswali, mwenye kufunga, mwenye kulisha mayatima. Na pamoja na hayo yote alikuwa na ila moja, nayo ni kwamba hakuumbiwa kungoja. Mola, kwa hekima yake, akamjaalia kuolewa na mchonga nakshi.

Mumewe, Fundi Lali, hakutia patasi kwenye mti ila baada ya rakaa mbili. Akiinua nyundo na kukumbuka kwamba siku ile hajamrehemu babu yake aliyemfunza kazi, huiweka chini, akaomba dua nzima. Mnunuzi akisifu sanduku, Fundi Lali hulipindua amwonyeshe fundo la mti ambalo hakuna aliyeliuliza; mnunuzi hushukuru sana, akaenda zake na fedha zake. Nyuma ya pazia, Mwana Zena hujipiga paja.

"Ya Rabbi," husema, "nilikuomba mume mkweli. Sikukuomba mkweli kiasi hiki."

Basi ilikuwa ada ya ukoo wa Lali tangu mababu kuuchongea msikiti wa Ijumaa marufaa, kile kiti kidogo cha kuwekea msahafu. Huchongwa kwa ubao mmoja wa mbambakofi, pasi na msumari wala gundi. Hata bawaba yake hukatwa ndani ya ubao uleule, jino kwa jino, vipande viwili vikakumbatiana pasi na kuachana. Na kazi ikiisha, haifunguliwi. Hupakwa mafuta ya ufuta, ikafungwa kitambaa, ikaachwa meno yalainike yenyewe. Imamu ndiye atakayeifungua mara ya kwanza, mbele ya watu, baada ya fundi kuapa kwamba ni mti mmoja na mkono mmoja. Ikiwa salama, ukoo hubaki na haki ya kuchonga kila cha msikiti, tangu mimbari mpaka milango. Ikiwa na kasoro, haki huenda kwa mafundi wengine, na hao walikuwa wameanza kunoa patasi.

Mwaka ule marufaa ya zamani ililiwa na mchwa, Fundi Lali akachonga mpya. Ikafungwa kitambaa, ikawekwa juu ya kabati, na mateso ya Mwana Zena yakaanza.

"Je, mwenzangu, imefunguka?" aliuliza Bi Mwanate, jirani yake, kila alipokuja kuomba moto.

"Haifunguliwi."

"Basi mwajuaje kama ni marufaa? Huenda mmeufunga kitambaa ubao wa kukatia samaki."

Mwana Zena akamwendea mumewe, akamkuta ameegemea mto, anavuta tasbihi.

"Bwana, wewe huna hata wasiwasi?"

"Wasiwasi ninao, bibi. Mafuta ndiyo hayana. Tuyaache yafanye kazi yake."

Subhanallah, mtu huyu! Siku ya Alhamisi, Fundi Lali alipotoka kwenda kumtazama mgonjwa, Mwana Zena aliishusha marufaa. Alitaka kuchungulia tu. Akaipenua kidogo, ikakataa; akaipenua kidogo zaidi, kwa bismillahi na kwa nguvu. Ikalia kah! Jino moja likaruka, likaangukia mkekani.

Alikuwa mke wa fundi, na kazi aliijua. Akayeyusha sandarusi, ile gundi ya utomvu wa mti, akaliunga jino, akasugua, akapaka mafuta, akafunga kitambaa vilevile. Malaika tu ndio wangeuona ule ufa. Kisha akasimama kuswali adhuhuri, na kila aliposujudu aliona jino. Kesho mumewe ataapa ndani ya nyumba ya Mungu, juu ya mti wenye gundi. Mtu asiyeficha hata fundo la ubao ataapa uongo, na hatajua.

Asubuhi ya Ijumaa, Fundi Lali akivaa kanzu, Mwana Zena akasema, "Bwana, usiape." Akamweleza yote. Fundi Lali akaketi kitandani, mkono mmoja ndani ya kanzu, mwingine nje.

"Sema neno basi!" Mwana Zena akapaza sauti. "Nitukane! Mume gani wewe, hata hasira yako yangojwa?"

"Nisaidie huu mkono wa pili," akasema. "Ijumaa ndiyo haingoji."

Msikitini, wanawake wakiwa nyuma ya ukuta wa mbao zenye matundu, Fundi Lali aliweka marufaa mbele ya imamu. "Sitaapa," akasema. "Jino moja limevunjika, limeungwa kwa sandarusi."

Watu wakanong'ona. Mwenye Kombo, msimamizi wa wakfu, akauliza, "Nani kalivunja?"

"Limevunjika nyumbani kwangu. La nyumbani kwangu ni langu."

Mwana Zena akaduwaa. Miaka yote ile anawapindulia watu masanduku, na leo ndiyo kapata cha kusitiri!

"Mkono wa kina Lali umechoka," mmoja akasema. "Mababu zake wangeona haya," akadakia mwingine. Na Mwenye Kombo akakohoa, kama mtu anayejiandaa kutamka kwamba haki imehama.

Mwana Zena angeweza kunyamaza. Mumewe alikwisha kumsitiri. Lakini aibu ile ilikuwa ikienda kuwakuta hata waliomo makaburini. Akaweka mdomo kwenye tundu.

"Mkono wa Lali haukukosa! Ni mimi! Niliifungua jana, sikuweza kungoja. Na sandarusi ni yangu mimi, wallahi niliipaka vizuri!"

Watu wakageukia ule ukuta. Imamu akaifungua marufaa pole pole. Meno yaliyosalia yakapishana pasi na kulia.

"Hii hatuipokei," akasema. "Ina gundi, na ada ni ada. Fundi atachonga nyingine."

"Na haki?" akauliza Mwenye Kombo.

"Tuipe nani, Mwenye Kombo, zaidi ya nyumba isiyoweza kutudanganya hata ikijaribu?"

Wakarudi nyumbani wameongozana, Mwana Zena akilia ndani ya buibui. Karibu na mlango Fundi Lali alisimama ghafla.

"Bibi," akasema, "kuhusu ile marufaa, nimekasirika."

"Alhamdulillahi," akajibu Mwana Zena, akajifuta machozi. "Ingia, nikupe chakula."

Ndugu zangu, wako waja waliopewa subira tangu matumboni mwa mama zao, na tuko sisi, tunaofunua sufuria kabla wali haujakauka. Kisa hiki ni chetu. Mwana Zena alishindwa kungoja, lakini hakuiacha sandarusi imsemee. Mola atujaalie ulimi wa kukiri mapema, kabla anayetupenda hajatubebea aibu yetu. Na sisi tusioweza kungoja, atuoze kwa wanaoweza. Amin.